Ko-IP, PLA, BioID au ChIP ya mara mbili: ipi ya kuonyesha kwamba protini zinazonyamazisha jeni zinashirikiana

Swali huja kwa sura ileile karibu kila mara. Mtu ana seli za saratani ya matiti, ana protini mbili ambazo kila moja inajulikana kunyamazisha jeni, yaani kuizima isisomwe, tuseme EZH2 na DNMT1, na anataka kujua kama zinafanya kazi bega kwa bega au kila moja inajifanyia yake. Anauliza atumie njia gani. Mimi humrudishia swali: sentensi unayotaka kuiandika mwishoni inasemaje?

Maana "zimo kwenye kundi moja", "zinagusana", "zimekaribiana ndani ya kiini" na "zimekaa pamoja juu ya jeni hii" ni sentensi nne tofauti, na hakuna njia inayokupa zote nne. Nimesoma kazi nyingi ambazo vipimo vyake havina kasoro. Kasoro ni kwamba mwandishi alipima sentensi ya kwanza akaandika ya nne.

Genge lenyewe

Kunyamazisha jeni ndani ya kiini ni kazi ya genge. EZH2 ndiyo yenye makali, ila ikiwa peke yake haifanyi lolote la maana: sharti iwe na EED na SUZ12, na kundi hilo huitwa PRC2. Hupachika vikundi vitatu vya methili, alama ndogo za kemikali, kwenye laisini ya 27 ya H3, mojawapo ya histoni, yaani protini ambazo DNA huzizunguka. DNMT1 hupachika methili kwenye DNA yenyewe, hasa kwa kunakili alama za zamani seli inapogawanyika. HDAC1 na HDAC2 hung'oa asetili, alama nyingine ya kemikali, kwenye histoni ili kromatini, yaani DNA pamoja na protini zake, ikaze. MBD2 na MeCP2 husoma DNA yenye methili na kuwaita wengine waje.

Tangu 2003 inajulikana kwamba EZH2 huzidi katika uvimbe wa matiti ulio mkali. Mwaka 2006 watafiti wa Brussels walionyesha kwamba EZH2 hushikana na vimeng'enya vya DNMT, na kwamba kwenye baadhi ya jeni bila EZH2 methili ya DNA hupungua. Hadithi ikawa tamu: mmoja anaweka alama ya kwanza, mwenzake anapiga kufuli. Shida ni kwamba ramani za jenomu zilizofuata zilionyesha kuwa kwenye visiwa vya CpG, yaani sehemu za DNA zenye herufi C na G nyingi zilizofuatana, alama ya PRC2 na methili ya DNA mara nyingi hukimbiana. Palipo na moja, nyingine haipo au ni hafifu. Matokeo hayo mawili hayapingani. Protini mbili zinaweza kushikana ndani ya neli ya maabara na bado zisikutane juu ya jeni unayoijali. Ndiyo maana uchaguzi wa njia una uzito hapa kuliko kwa protini zinazoelea tu kwenye sitoplazimu: hizi zote zimebanwa kwenye uzi mmoja wa DNA, na ukivuta uzi, wote waliokaa juu yake wanakuja.

Ko-IP: mahali pa kuanzia, na mitego yake

Ko-IP ni uvuvi. Unapasua seli, unatia kingamwili ya protini ya kwanza, unainasa kingamwili hiyo kwa shanga za sumaku, unaosha, kisha unaangalia kwenye westani bloti, kipimo kinachopanga protini kwa ukubwa na kuzionyesha kama bendi, kama protini ya pili imekuja na chambo. Sahani moja au mbili za sentimita 10 zinatosha, kazi ni ya siku mbili, na jambo lililo zuri kuliko yote: protini ni zile za seli yenyewe, kwa kiasi chake cha asili. Hujaingiza jeni, hujapachika mkia wa kitambulisho.

Mtego wa kwanza ni chumvi. Protini za kromatini hazitoki kwenye kiini kwa upole. Dawa ya kawaida ya kuzitoa ina chumvi ya milimola 420 kwa lita, lakini kiwango hicho hicho huvunja urafiki dhaifu. Kitovu cha PRC2, yaani EZH2, EED na SUZ12, hustahimili. Mshirika wa kupita kama DNMT anaweza kuachia. Kwa hiyo toa kwa chumvi kali, kisha punguza hadi milimola 150 kabla ya kutia kingamwili. Anayeanza moja kwa moja na 150 huwa anavua kwenye maji matupu, samaki wote wamebaki kwenye mashapo aliyoyatupa.

Mtego wa pili ndio unaoangusha kazi nyingi, nao ni DNA kuwa daraja. Ukiacha vipande vya DNA kwenye mchanganyiko, protini mbili zilizokaa umbali wa nyukliosomu tano (nyukliosomu ni fundo moja la DNA iliyozunguka histoni) zitakuja pamoja bila kuwahi kujuana. Tia kimeng'enya cha kukata DNA na RNA, au ethidiamu bromaidi, kwenye nusu ya sampuli, kisha linganisha nusu hizo mbili. Ushirika ukitoweka baada ya DNA kukatwa, usiutupe. Umejifunza kwamba wanakaa mtaa mmoja. Ila usiandike kwamba wanashikana.

Mtego wa tatu ni rafiki wa pamoja. HDAC1 ni mfano mzuri kuliko yote. Iko kwenye kundi liitwalo NuRD, na kundi hilo lina sura mbili: lenye MBD2 na lenye MBD3. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba hizo mbili hazikai kundi moja. Akiwepo mmoja, mwingine hayupo. Sasa chukua kingamwili ya HDAC1 uvue: MBD2 inakuja, MBD3 inakuja, bendi zote mbili safi kabisa. Msomaji asiye makini atachora mchoro wenye protini tatu zimekumbatiana. Ukitaka kujua kama MBD2 na MBD3 ziko pamoja, chambo ni lazima kiwe mojawapo ya hizo mbili, wala si yule anayezijua zote. Na fanya pande mbili: vua kwa A utafute B, kisha vua kwa B utafute A.

Mtego wa nne ni wangu binafsi, na bado unaniuma. Nilikuwa natafuta EED baada ya kuvua kwa kingamwili ya EZH2. Bendi ikatokea pale pale ilipotakiwa, karibu na kilodaltoni 50 (kipimo cha uzito wa protini), nene, nyeusi. Nikafurahi wiki nzima. Kisha nikagundua kwamba mstari wa udhibiti, ule wa kingamwili isiyolenga chochote, una bendi ileile kwa unene uleule. Mwanzoni nilikuwa nimekata picha bila huo mstari ili ipendeze kwenye slaidi. Nilichokuwa nakiona ni mnyororo mzito wa kingamwili yangu mwenyewe, ambao nao una kilodaltoni 50. HDAC1 iko jirani tu, karibu na 60, nayo huzama humo humo jeli ikikimbia vibaya. Tiba ni rahisi: vua kwa kingamwili ya sungura, tafuta kwa ya panya, au tumia kingamwili ya pili inayotambua mnyororo mwepesi tu, ulio kilodaltoni 25. DNMT1, yenye zaidi ya 180, haina taabu hiyo, ila huhitaji muda mrefu wa kuhamisha kutoka kwenye jeli.

PLA: nukta nyekundu ndani ya kiini

PLA haipasui seli. Unazigandisha kwenye kioo, unatia kingamwili mbili za wanyama tofauti, kila moja inabebeshwa kipande kifupi cha DNA. Vipande hivyo vikiwa karibu kiasi cha nanomita 40 au chini ya hapo, vinaunganishwa kuwa duara, kimeng'enya kinalizunguka duara hilo na kutoa nakala nyingi, na mahali hapo panawaka. Chini ya hadubini unaona kiini cha bluu chenye nukta nyekundu, kila nukta ikiwa mahali ambapo wawili walikaribiana. Unazihesabu kiini kwa kiini.

Kwa seli za saratani hii ni faida kubwa, kwa sababu seli za sahani moja hazifanani. Ko-IP hukupa wastani wa mamilioni. PLA hukuonyesha kwamba robo ya seli zina nukta thelathini na zilizobaki hazina hata tatu. Unaweza pia kutambua seli zilizo katikati ya kunakili DNA, ambako DNMT1 huwa na shughuli nyingi, ukaona kama nukta zimejaa humo tu.

Lakini pima nanomita 40 kwa macho ya kromatini. Nyukliosomu moja ina kipenyo cha nanomita 11 hivi. Ndani ya nanomita 40 zinaingia kadhaa, na kwenye kromatini iliyokazwa, ambako ndiko hasa protini hizi hukaa, zinaingia nyingi. Yaani PLA ndani ya kiini haitofautishi majirani na wanandoa. Udhibiti unaouzwa na kifurushi, yaani kuacha kingamwili moja nje, hautoshi. Nataka kuona DNMT1 ikipimwa dhidi ya protini nyingine ya kromatini iliyo nyingi vilevile lakini isiyohusika, na EZH2 dhidi ya SUZ12 kama kiwango cha juu. Nukta zako zikiwa katikati ya hizo mbili, zungumza. Zikiwa sawa na za yule asiyehusika, nyamaza.

BioID na TurboID: pale usipomjua mwenza

Hizi si za kuthibitisha wazo, ni za kutafuta wazo. Unaunganisha protini yako na kimeng'enya cha bakteria kilichobadilishwa, nacho hunyunyizia biotini protini zote zilizo karibu, umbali wa nanomita kama 10. Kisha unazikusanya zenye biotini kwa streptavidini na kuzitambua kwa spektrometa ya masi. BioID ilitoka 2012 na huhitaji saa 18 hadi 24 za kunyunyiza. TurboID ya 2018 hufanya hivyo kwa dakika 10.

Ubora wake kwa protini za kromatini ni huu: biotini ikishapachikwa imepachikwa. Huna haja ya kulinda urafiki dhaifu wakati wa kupasua, unaweza kutumia sabuni kali hadi kromatini yote iyeyuke. Yule mshirika anayeachia chumvi ikiwa 420 bado atakuwa na alama mgongoni.

Ubaya upo wa aina mbili. Kwanza, orodha ni ndefu na imejaa wenyeji wa kiini ambao huonekana hata ukitumia kimeng'enya kitupu kilichopelekwa kiini. Bila udhibiti huo orodha yako haina thamani. Pili, umeongeza EZH2 ya ziada. EED na SUZ12 haziongezeki kwa kuwa wewe umependa, kwa hiyo EZH2 iliyozidi inazurura bila kundi lake na kunyunyizia yeyote inayempitia. Ingiza kimeng'enya kwenye jeni asilia ya EZH2 kwa CRISPR, mkasi wa kuhariri DNA, ukiweza. Usipoweza, angalau onyesha kiasi chake kando ya kile cha asili kwenye bloti moja.

Kuna pahali muda ndio huamua. Unyamazishaji mwingine hufanyika nje ya kiini, kwa maikroRNA, vipande vifupi vya RNA vinavyozuia jeni kutengeneza protini: kimeng'enya Dicer huvikata, protini AGO2 huvibeba. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba oksijeni ikipungua, EGFR, kipokezi cha ishara za ukuaji, hupachika fosfati kwenye tairosini ya 393 ya AGO2, na AGO2 hulegeza mshiko wake kwa Dicer, hivyo baadhi ya maikroRNA hazikomai. Ukitaka kuona mabadiliko kama hayo, saa 18 za BioID zitachanganya kabla na baada kuwa uji mmoja. TurboID ndiyo inayofaa, au ko-IP ya haraka, na "haraka" maana yake ni kupasua seli ndani ya chemba yenye oksijeni kidogo. HIF-1α, protini inayoongezeka oksijeni ikipungua, huanza kuvunjwa ndani ya dakika chache tu seli zikionja hewa ya kawaida. Ukizibeba hadi meza ya pili umeshachelewa.

ChIP ya mara mbili: ghali, chungu, na wakati mwingine haina mbadala

ChIP ni kuvua protini pamoja na DNA iliyoishikilia, ili ujue imekaa kwenye jeni gani. Mtu akifanya ChIP ya EZH2 akakuta iko kwenye promota, yaani swichi ya jeni fulani, kisha ChIP ya DNMT1 akakuta nayo ipo palepale, hajaonyesha kwamba ziko pamoja. Huenda nusu ya seli zina moja na nusu zina nyingine. Huenda hata ndani ya seli moja zimegawana nakala mbili za jeni. ChIP ya mara mbili ndiyo inayoamua: unagandisha kwa formaldehaidi, unakata kromatini vipande vya herufi 200 hadi 500, unavua kwa kingamwili ya kwanza, unaachia, unavua tena kwa ya pili kutoka kwenye kilekile ulichovua, ndipo unapima DNA kwa PCR.

Kila uvuvi hupoteza sehemu kubwa, na wa pili hupoteza kwenye kilichokwisha kupotea. Andaa makumi ya mamilioni ya seli. Weka udhibiti ambao uvuvi wa pili unatumia kingamwili isiyolenga kitu, kwa sababu kingamwili ya kwanza hupenda kuvuja na kubeba DNA yake hadi mwisho.

Kwa saratani ya matiti mfano mzuri ni ESR1, jeni ya kipokezi cha estrojeni. Kazi iliyochapishwa 2003 ilieleza kwamba promota yake ina kundi la protini zinazodhibiti jeni, yaani pRb2/p130, E2F4/5, HDAC1 na SUV39H1, katika seli zinazoitumia jeni hiyo na pia katika zilizoizima. Tofauti ilikuwa kiti kimoja, ambapo seli zilizoiwasha zilikuwa na p300, protini inayosaidia kuwasha jeni, na zilizoizima zilikuwa na DNMT1. Ukisoma matokeo ya namna hiyo unaelewa kwa nini kuuliza tu "je, HDAC1 ipo?" hakufiki popote.

FRET, njia inayopima nishati ya mwanga ikihama kutoka protini moja yenye rangi kwenda nyingine, sitaikalia sana. Hupima nanomita 1 hadi 10, ndani ya seli hai, na ndiyo iliyo karibu zaidi na neno "zinagusana". Inadai protini mbili zenye rangi, mwelekeo mzuri wa rangi hizo, na hadubini na mtu wa kuijua. Kama huna wote, achana nayo. Njia ya hamira yenye mahuluti mawili, ya tangu 1989, ambapo protini mbili zikishikana ndani ya hamira huwasha jeni ya kipimo, haina nafasi kubwa hapa: protini zinazozima jeni huweza kuizima jeni ya kipimo chenyewe. Na kama unataka kuandika "moja kwa moja", hakuna ujanja, safisha protini hizo mbili na uzikutanishe peke yao.

Seli nazo ni sehemu ya uchaguzi

Wengi hulinganisha MCF-7, zenye kipokezi cha estrojeni, na MDA-MB-231, zisizo nacho, kana kwamba ni mapacha waliotofautiana kwa ESR1 tu. La hasha. MCF-7 zina p53, protini inayozuia saratani, ikiwa nzima. MDA-MB-231 zina p53 iliyobadilika, tena na mabadiliko kwenye KRAS na BRAF, jeni zinazochochea ukuaji wa seli. Zote zilitoka kwenye maji ya kifuani, kwa wanawake tofauti, na zimekuzwa maabarani tangu miaka ya 1970. Tofauti ya nukta za PLA kati yao inaweza kutokana na mambo mia. Heri ukoo mmoja kabla na baada ya dawa.

Ila dawa nayo ina chenga zake. Desitabini huinasa DNMT1 kwenye DNA hadi inavunjwa. Kwa hiyo ko-IP yako baada ya desitabini itaonyesha kwamba EZH2 "imeachana" na DNMT1, kumbe DNMT1 haipo tena. Bloti ya sampuli kabla ya kuvua itakuambia ukweli kwa dakika moja. Tazemetostati ni tofauti: huzima kazi ya EZH2 lakini huiacha protini na kundi lake mahali pake. Hizo mbili zikitumika sambamba hutenganisha swali la "ipo?" na lile la "inafanya kazi?".

Na kabla ya yote, pima utambulisho wa seli. MDA-MB-435 zilitumika miaka mingi kama saratani ya matiti, kisha zikaonekana kuwa za ukoo wa M14, saratani ya ngozi ya melanoma. Bado nakutana nazo.

Ningeanzaje mimi

Kwa wawili wanaofahamika, ningefanya ko-IP ya protini asilia, pande mbili, ikiwa na DNA iliyokatwa na isiyokatwa. Ikishindwa hapo baada ya kubadilisha chumvi na kingamwili, ningejaribu TurboID mara moja kabla ya kukata tamaa. Ikifaulu, PLA ingefuata, kwa ajili ya kujua ni seli zipi na wakati gani. ChIP ya mara mbili ningeiweka kwa jeni mbili au tatu ambazo hoja nzima inazitegemea, zaidi ya hapo ni kujitesa. BioID ya kwanza kabisa ningeifanya tu kama kweli sijui mwenza ni nani.

Kama ulicho nacho ni vipande vya uvimbe vilivyohifadhiwa kwenye nta, mambo hubadilika. Ko-IP haiwezekani, kwa kuwa formalini imeshafunga kila kitu pamoja. BioID haina pa kuanzia, seli zimekufa. Inabaki PLA, pamoja na udhaifu wake wote wa nanomita 40, na hapo nguvu nyingi ziende kwenye kuchagua kingamwili: jaribu kila moja kwanza kwenye seli ambazo EZH2 imeondolewa, zilizogandishwa na kuzamishwa kwenye nta kwa namna ileile. Kingamwili inayong'ara kwenye bloti huweza kuwa kipofu kabisa kwenye nta.